Maswali Yenu Kuhusu Masaisi wa Wafalme

Tangu nilipoandika kuhusu magari ya farasi yaliyotumika katika kutawazwa kwa Mfalme Charles III, maswali yameendelea kunifikia. Mengi yanahusu dhahabu, taji na vito. Machache mno yanamhusu saisi, mwongoza farasi wa gari, mtu ambaye bila mikono yake gari lile lingebaki ghalani. Leo nimewapa nafasi wale waliomkumbuka, na nimeongeza mawili matatu yasiyokoma kuulizwa ili nisiyajibu tena.

Je, lile gari la dhahabu la Uingereza ni dhahabu tupu? Likiuzwa litaleta shilingi ngapi? (Wasomaji kadhaa: Dar es Salaam, Kisumu, Bujumbura)

Ni mbao zilizopakwa dhahabu nyembamba kwa juu. Liliagizwa mwaka 1760, likakamilika 1762, lina uzito wa tani 4 hivi, na haliuzwi. Ndugu zangu, jambo hili limeandikwa kila mahali. Ulizeni kuhusu watu.

Nilitazama kutawazwa kwa mwaka 2023 mwanzo hadi mwisho. Kwenye gari la dhahabu sikuona dereva. Nani alikuwa akiliongoza? (Msomaji, Morogoro)

Umetazama kwa makini kuliko watangazaji wengi. Mei 6, 2023, Mfalme alikwenda kanisani Westminster kwa gari jipya, lililotengenezwa Australia na kutumika rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Lina vioo vya kufunguka kwa umeme na vifaa vya kulizuia lisiyumbe. Kurudi ndipo akapanda lile la dhahabu, likikokotwa na farasi 8 wa kijivu wa Windsor.

Farasi 8 ni jozi 4. Katika kila jozi, farasi wa kushoto amepandwa na saisi, naye humwongoza huyo aliyempanda pamoja na mwenzake wa kulia. Kwa hiyo gari lina masaisi 4 migongoni mwa farasi, na pembeni wapo watunza farasi wanaotembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Zamani lilikuwa na kiti cha saisi mbele, juu, na mtu mmoja aliketi pale akashika hatamu. Mfalme Edward VII alipoingia madarakani, kiti kile kikaondolewa ili watu wa barabarani wamwone mfalme vizuri zaidi.

Uamuzi huo ulipendeza macho, lakini mzigo wote ukahamia kwa masaisi wa mgongoni. Fikiria watu wanne waliopangwa kwa mstari, kila mmoja na jozi yake, nyuma yao tani 4 zinazoning'inia kwenye mikanda ya ngozi badala ya springi. Wanapaswa kuanza kwa pamoja, kupunguza mwendo kwa pamoja na kukata kona bila kupigiana kelele mbele ya umati. Saisi wa jozi ya mbele akikata kona mapema mno, jozi ya nyuma itapanda ukingo wa barabara. Yule wa nyuma kabisa akichelewa kuzuia kwenye mteremko, gari litawasukuma farasi wenyewe. Ndiyo maana gari lile haliendi ila mwendo wa hatua. Kuhusu raha ya abiria, Mfalme William IV, aliyewahi kuwa mwanamaji, alisema kulipanda ni kama kuwa melini kwenye bahari chafu. Malkia Elizabeth II naye hakuficha: alipoulizwa kuhusu safari yake ya 1953, alisema ilikuwa mbaya sana.

Basi mkilitazama tena, watazameni wale wanne.

Saisi wa kwanza wa kifalme Uingereza alikuwa nani? (Mwanafunzi, Eldoret)

Anayetajwa ni William Boonen, Mholanzi, aliyekuwa saisi wa Malkia Elizabeth I kuanzia miaka ya 1560. Kabla ya hapo wakubwa walipanda farasi moja kwa moja au walibebwa. Kumbuka basi kwamba ufundi wenyewe uliingia Uingereza pamoja na mgeni.

Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu ananiambia saisi wa kasri alikuwa mtumwa tu, wa kulala na farasi. Mimi nabisha. Tuamulie. (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Mjomba wako ana robo ya ukweli, nawe usimbishie kwa ukali. Urusi, kwa mfano, hadi mwaka 1861 watumishi wengi wa nyumba za makabaila hawakuwa watu huru, na masaisi walikuwa miongoni mwao. Lakini katika mazizi ya wafalme wakubwa wa Ulaya, saisi alikuwa mtu mwenye cheo, mshahara, sare na makazi.

Chukua Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa. Louis XIV alijenga mazizi mawili mkabala na kasri lake, kazi ya msanifu Jules Hardouin-Mansart, yakakamilika mwaka 1682. Moja liliitwa Zizi Kubwa na jingine Zizi Dogo, ingawa yanakaribiana sana kwa ukubwa. Tofauti ilikuwa kazi. Zizi Kubwa lilikuwa la farasi wa kupandwa, wa uwindaji na wa vita, chini ya ofisa aliyekuwa miongoni mwa makabaila wakubwa wa Ufaransa. Zizi Dogo lilikuwa la farasi wa kukokota na magari yenyewe. Humo walifanya kazi masaisi, wapanda jozi za mbele, watunza farasi, wahunzi wa kwato, mafundi wa matandiko na mafundi wa magurudumu. Mamia ya farasi, na watu wa kutosha kujaza mtaa.

London ni vivyo hivyo. Mazizi ya Buckingham, yanayojulikana kama Royal Mews, yalijengwa upya na John Nash na kukamilika mwaka 1825. Farasi walikaa chini, familia za wafanyakazi zikakaa juu. Kwa hiyo ile habari ya mjomba ya "kulala na farasi" ina asili yake, lakini ni nyumba ya ghorofa yenye mke na watoto. Watoto walikuwa wengi hata Malkia Victoria akaanzisha shule palepale mazizini katika miaka ya 1850.

Ngazi za kazi zipo hadi leo. Juu kabisa kuna cheo cha heshima anachopewa kabaila, na chini yake ofisa anayesimamia mazizi kwa vitendo. Kisha yupo mkuu wa masaisi, naibu wake, masaisi, halafu watunza farasi. Hakuna anayeanzia kwenye kiti cha mbele. Unaanza kwa kufagia samadi alfajiri, kupiga brashi na kung'arisha shaba za matandiko. Miaka inapita kabla hujakabidhiwa hatamu siku ambayo dunia nzima inatazama.

Sare nazo zina ngazi zake. Siku za shughuli kubwa za dola saisi huvaa joho jekundu lenye nakshi za dhahabu, wigi, na kofia ya pembe tatu. Siku za shughuli ndogo zaidi ni joho jekundu na kofia ndefu nyeusi. Kwenye mashindano ya farasi ya Ascot, masaisi wa mgongoni huvaa rangi zilezile za farasi wa mbio wa mfalme: zambarau, nyekundu na dhahabu. Mtumwa havalishwi rangi za bwana wake ili ajulikane mbele ya taifa kuwa ni mkono wake. Mwambie mjomba nimemsalimu.

Saisi mmoja anawezaje kushika hatamu za farasi wanne bila kuchanganya? (Msomaji, Arusha)

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, nashukuru.

Kwa mtindo wa Kiingereza, hatamu zote nne hukaa mkono wa kushoto. Ya farasi wa mbele kushoto hupita juu ya kidole cha shahada. Ya mbele kulia na ya nyuma kushoto hupita pamoja kati ya kidole cha shahada na cha kati, ile ya mbele ikiwa juu. Ya nyuma kulia hupita kati ya kidole cha kati na cha pete. Mkono wa kulia hubeba mjeledi na kusaidia kufupisha au kulegeza. Ukitaka kukata kona, unafupisha kidogo hatamu ya farasi wa mbele wa upande ule, huku ukiwazuia wa nyuma wasigeuke kabla ya wakati, maana wao ndio wanaolivuta gari lenyewe. Wakigeuka mapema, gurudumu la nyuma linapanda ukuta.

Mtu aliyeupanga ufundi huu ukafundishika hatua kwa hatua ni Mjerumani Benno von Achenbach. Alijifunza kwa Edwin Howlett, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Paris, kisha akafanya kazi katika mazizi ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, mjini Berlin. Mwaka 1909 Kaiser akampa hadhi ya ukabaila kwa sababu ya kazi hiyo. Mtindo wake unatumika hadi leo kwenye mashindano ya kuendesha magari ya farasi. Mashindano hayo yalipata kanuni zake mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msukumo wa Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, aliyekuwa rais wa shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi kuanzia 1964 hadi 1986. Philip mwenyewe alishindana. Ndiyo maana kwenye mazishi yake Aprili 2021 palikuwa na gari lake dogo la farasi, na juu yake kofia na glavu zake.

Na usijaribu vidole hivi kwa mara ya kwanza ukiwa na farasi hai. Funga kamba nne kwenye meza, zitie uzito, ujifunze hapo.

Nimesoma kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza kwa sababu ya kosa la dereva wa mwana wa mfalme. Je, ni kweli? (Msomaji, Lubumbashi)

Hapana, na naomba tuliache kabisa neno hilo. Yule alikuwa dereva wa motokaa, lakini anastahili kuwekwa kundi moja na masaisi waliomtangulia kwa sababu aliponzwa na lilelile lililowaponza wao. Juni 28, 1914, mjini Sarajevo, bomu lilirushwa asubuhi kwenye msafara wa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria. Wakubwa wakaamua kubadili njia. Uamuzi ukafanywa, lakini madereva hawakuambiwa. Gari la mbele likafuata njia ya zamani, Leopold Lojka akalifuata, jenerali aliyekuwamo garini akapiga kelele kwamba wamekosea, Lojka akasimamisha gari. Likasimama karibu na Gavrilo Princip, naye akafyatua risasi. Hadi leo watu wanasema "dereva alikosea njia." Dereva alifuata njia aliyopewa! Waliokosea ni wale waliobadili mpango wakasahau kumwambia mtu mwenye usukani.

Fungua historia utaona habari hii ikijirudia. Mei 14, 1610, mjini Paris, gari la Henri IV, mfalme wa Ufaransa, lilikwama kwenye barabara nyembamba ya Ferronnerie kwa sababu ya mikokoteni iliyoziba njia. Muuaji, Ravaillac, akapata nafasi ya kupanda na kumchoma mfalme kisu. Saisi angefanya nini? Farasi hawapai juu ya mikokoteni. Kazi ya kusafisha njia haikuwa yake.

Machi 1, 1881 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, Tsar Alexander II alikuwa ndani ya gari imara, zawadi ya Napoleon III, kando ya mfereji wa Catherine mjini St. Petersburg. Bomu la kwanza lilipasuka, gari likaharibika lakini likabaki linaweza kwenda, na Tsar hakuumia. Saisi wake, Frol Sergeyev, alimsihi waondoke. Tsar akashuka kuangalia majeruhi na mtu aliyekamatwa. Bomu la pili likamuua. Laiti angemsikiliza mwenye hatamu!

Hata kutoroka kwa Louis XVI, mfalme wa Ufaransa wakati wa Mapinduzi, Juni 1791, kuna somo lilelile. Aliyewatoa Paris usiku ule akiwa amevaa kama saisi wa kukodi ni Axel von Fersen, kabaila wa Sweden na rafiki wa malkia. Alikuwa jasiri, na aliwafikisha salama hadi Bondy. Kutoka hapo mfalme hakutaka aendelee nao. Familia nzima ilikuwa imejazana kwenye gari moja kubwa, zito, lililohitaji farasi 6 na kubadilisha farasi kila kituo, na walikuwa wamekwisha kuchelewa. Mkuu wa kituo cha Sainte-Menehould, Drouet, akawashuku, akawawahi, wakakamatwa Varennes. Watu husimulia kisa hiki kama cha bahati mbaya. Mimi naona ni kisa cha watu waliopanga safari ndefu kwa kuangalia nafasi ya masanduku kabla ya kuangalia nguvu za farasi.

Basi na yule saisi mlevi aliyemwokoa Napoleon? (Msomaji huyohuyo, Lubumbashi)

Desemba 24, 1800, barabara ya Saint-Nicaise, Paris. Pipa la baruti lilitegwa kwenye mkokoteni. Saisi wake, aliyejulikana kwa jina la César, alipita pale kwa kasi, mlipuko ukaja nyuma yao, ukaua wapita njia. Husemwa kwamba alikuwa amelewa. Angalieni jinsi tulivyo: akichelewa, ni kosa lake, akiwahi, ni pombe.

Farasi hawashtuki na mizinga, bendi na kelele za watu? (Msomaji, Dodoma)

Wanashtuka, ni wanyama wa kukimbia. Wanafundishwa. Uholanzi kuna desturi nzuri: siku moja kabla ya mfalme kwenda kufungua bunge, Jumanne ya tatu ya Septemba, farasi wa msafara hupelekwa ufukweni Scheveningen. Huko hupigiwa bendi, hufyatuliwa risasi baridi na kupitishwa kwenye moshi mzito mbele ya watazamaji. Anayeshtuka leo anaachwa nyumbani kesho. London farasi wa mazizi ya Buckingham hufanyishwa mazoezi katikati ya mabasi na teksi, na kwa miaka mingi gari dogo la farasi limepeleka barua kati ya Buckingham na kasri la St. James's. Wengi huona ni mbwembwe za utalii. Kumbe ndiyo shule: farasi kijana na saisi kijana wanajifunza mji pamoja wakiwa na mzigo mdogo.

Na wale farasi waliotoroka London Aprili 24, 2024, walioniandikia wengi, walikuwa wa jeshi, kikosi cha walinzi wa mfalme. Walishtushwa na vifusi vilivyoporomoshwa kwenye jengo linalojengwa. Si wa mazizi ya magari. Msichanganye.

Mbona kwenye picha za kale farasi wana mikia mifupi? (Msomaji, Nakuru)

Ilikatwa, mfupa na yote, kwa madai kwamba mkia unanasa hatamu. Uingereza iliharamisha ukatili huo kwa sheria ya mwaka 1949. Inzi wanamsumbua farasi asiye na mkia maisha yake yote.

Masultani wetu wa Zanzibar walikuwa na masaisi? Au ni mambo ya Wazungu tu? (Msomaji, Unguja, na mwingine, Maskati)

Farasi si mambo ya Wazungu, ndugu yangu. Farasi wa Kiarabu walikuwa zawadi ya kutumwa kwa wakubwa wa dunia. Seyyid Said alipotuma merikebu yake, Sultana, New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi kwa rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili. Pamoja na wanyama wa namna hiyo lazima asafiri mtu wa kuwalisha, kuwanywesha na kuwatuliza merikebu inapoyumba. Majina ya watu hao ndiyo yasiyoandikwa, na ndilo linaloniuma.

Gari la farasi ni habari nyingine. Katika miaka ya 1840 Malkia Victoria alimletea Seyyid Said gari la kifahari. Unguja ya wakati ule haikuwa na barabara ya kulipitisha. Mjini vichochoro, shamba njia za miguu. Zawadi ikakosa kazi. Hapo ndipo uelewe kwamba saisi hajengwi na gari peke yake. Anajengwa na barabara, mhunzi, nyasi na maji. Sultan Barghash, aliyetembelea London mwaka 1875, alibadilisha mengi. Kwenda kasri lake la Chukwani alijenga njia ya reli kutoka mjini, na mabehewa yake ya mwanzo yalikokotwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, kabla ya injini ya mvuke kuletwa kutoka Uingereza. Waendesha nyumbu wale ni masaisi wa kasri kwa kila maana.

Bara ilikuwa vigumu zaidi. Ndorobo na tauni ya farasi ya Afrika vilimaliza wanyama walioletwa. Ndiyo maana Buganda, ufalme wenye barabara zilizosifiwa na kila mgeni, haukuwa na magari ya farasi: Kabaka alibebwa mabegani na watu wa ukoo wa Mbogo, na heshima ya kazi hiyo imehifadhiwa kwa ukoo hadi leo. Nawaheshimu Waganda kwa kuwakumbuka wabebaji wao kwa ukoo. Ulaya haikuwafanyia hivyo masaisi.

Afrika Mashariki kwa mapana yake, tazama Addis Ababa Novemba 2, 1930. Haile Selassie alitawazwa akiwa na gari lililokuwa la Kaiser Wilhelm II, na saisi aliyekuwa zamani katika utumishi wa Franz Joseph wa Austria. Himaya mbili za Ulaya zilikuwa zimeanguka, lakini ufundi wa mtu yule ulikuwa bado una soko.

Kwa msomaji wa Maskati: kikosi cha farasi cha kifalme cha Oman kilianzishwa na Sultan Qaboos mwaka 1974. Kilikwenda kuonyesha ufundi Windsor mwaka 2012, kwenye sherehe za miaka 60 ya Malkia. Unayo maarifa hai mlangoni pako, nenda ukaulize wazee wa pale, kisha utuandikie sisi.

Kwa nini mfalme wa Uholanzi ameacha kutumia gari lake la dhahabu? (Msomaji, Goma)

Lilitolewa na watu wa Amsterdam kwa Malkia Wilhelmina mwaka 1898. Ubavuni lina mchoro wa watu weusi na watu wa Asia wakimletea zawadi mwanamke mzungu anayewakilisha Uholanzi. Januari 2022 Mfalme Willem-Alexander alitangaza kwamba halitatumika kwa wakati huu. Alifanya vizuri. Mtu asiniambie kwamba desturi ya masaisi imevunjwa: masaisi walewale na farasi walewale wanakokota gari la vioo, na kazi yao haijapungua hata kidogo. Heshima ya saisi haikuwa kwenye mchoro ule.

Motokaa ndiyo iliyowamaliza masaisi? (Msomaji, Kigali)

Iliwapunguza sana. Edward VII alipenda motokaa tangu akiwa mrithi, akanunua Daimler mwaka 1900, na mazizi yakaanza kupokea injini kando ya farasi. Masaisi wengine wa nyumba kubwa walipelekwa kujifunza udereva. Wengine waliambiwa kwaheri. Matokeo yake yalionekana mwaka 1953. Kwa kutawazwa kwa Elizabeth II hapakuwa na magari ya farasi ya kutosha wala masaisi wa kutosha. Magari mengine yaliazimwa kutoka studio ya filamu, na matajiri wenye kujua farasi wakajitolea kuvaa sare za kasri na kushika hatamu bure. Malkia Salote wa Tonga alipita mvuani kwenye gari wazi, akashangiliwa kuliko wote, na picha ile inapendwa hadi kesho. Mimi nikiiona nawaza: nusu karne tu, na nchi yenye himaya kubwa kuliko zote imeishiwa watu wa kuendesha farasi wanne.

Ufundi ukiachwa bila mwanafunzi kizazi kimoja, fedha hairudishi. Ninawaambia haya waunda majahazi wa Lamu na wafua visu wa kila mji wetu.

Leo katika mazizi ya Buckingham wanawake nao wanafanya kazi ya utunzaji na usaisi. Afadhali walivyochelewa kuliko kukataa.

Dada yangu anaolewa Desemba. Tunataka aje ukumbini kwa gari la farasi kama malkia. Kuna mambo ya kuangalia? (Msomaji, Nairobi)

Hongereni. Yapo, na ninayasema kwa ukali kwa sababu nimeona farasi akianguka kwenye lami ya moto mbele ya bibi harusi.

Mtazame farasi kabla ya gari. Mbavu zikionekana, mgongo ukiwa na vidonda, kwato zikiwa zimepasuka, ondokeni. Mwulize mwenye gari farasi ananywa maji wapi na anapumzika lini, na msikubali saa za jua kali. Angalieni kichwa chake: kikiwa kimevutwa juu kwa kamba fupi ili aonekane wa madaha, mwambieni ailegeze. Wakubwa wa karne ya 19 waliwafunga hivyo farasi wao kwa ajili ya urembo, na wanyama waliumia shingo na pumzi. Gari lazima liwe na breki inayofanya kazi, hasa kama kuna mteremko. Awepo mtu wa pili wa kusimama kichwani mwa farasi wakati bibi harusi anapanda na kushuka. Hata wafalme wana mtu huyo.

Mwisho, fataki na vuvuzela hapana. Mkizitaka hizo, kodini motokaa.

Nimetumiwa tangazo la kazi ya usaisi katika kasri la mfalme wa Uingereza, mshahara mnono, viza bure. Wanataka nitume ada ya fomu kwa simu. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza, wengine wanne wameuliza hivihivi)

Usitume hata senti. Ni matapeli. Nafasi za kazi za kasri hutangazwa kwenye tovuti rasmi ya kasri lenyewe, haziombi ada, na mwombaji anatakiwa awe na haki ya kufanya kazi Uingereza. Kama umeshatuma, nenda kituo cha polisi na ujumbe wote, uripoti namba hiyo kwa kampuni ya simu leo hii.

Na kama kweli unataka farasi, wapo karibu. Jeshi la Polisi Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi. Nairobi kuna mazizi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na kazi ya kwanza utakayopewa ni kufagia. Ikubali. Omba umshikie kwato mhunzi anapopiga viatu, na umwulize kila kitu.